Dada, Usibaki Kafuro: Wageni, Lugha na Ukarimu wa Karagwe



Siku hizi swali moja linatufikia kwa sura nyingi. Binti kapata nafasi ya kusoma Hispania. Mwingine anakwenda Cuba kwa mafunzo ya kazi. Wa tatu ni bi harusi mtarajiwa, mchumba wake anafanya kazi ughaibuni, na baada ya harusi atamfuata. Wote wanauliza: hicho Kihispania kitaingiaje kichwani? Na nyuma ya swali hilo kuna jingine ambalo mara nyingi huulizwa na mama zao kwa sauti ya chini: mwanangu atarudi akiwa yule yule?

Tungeweza kukutajieni programu za simu na vitabu vya sarufi tukamaliza. Lakini tumeona bora tukurudisheni nyuma kidogo, kwa sababu watu wa pwani na visiwani hawakuanza leo kuishi ugenini na kutafuta lugha ya wenyeji. Zaidi ya miaka 150 iliyopita walifunga safari ya miezi mingi kwa miguu hadi ufalme mmoja wa bara, wakajenga mji wao mdogo, wakakaa miaka. Mji huo uliitwa Kafuro. Ufalme wenyewe ni Karagwe.

Karagwe iko wapi?

Ukiifungua ramani ya Tanzania, tazama pembe ya juu kabisa kushoto, mkoa wa Kagera. Upande mmoja kuna Ziwa Victoria, upande wa pili Mto Kagera, na ng'ambo ya mto ni Rwanda. Kaskazini ni Uganda. Nchi ya vilima, migomba, buni na ng'ombe wa pembe ndefu. Siku hizi eneo hilo lina wilaya mbili: Karagwe yenyewe, ambayo makao yake ni Kayanga, na Kyerwa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012. Wenyeji ni Wanyambo, na lugha yao Kinyambo ni ndugu wa damu wa Kihaya na Kinyankole.

Zama hizo kulikuwa na mfalme, na ikulu yake ilikuwa Bweranyange. Watu wa pwani walianza kufika katika enzi ya Mfalme Ndagara, na walizidi wakati wa mwanawe, Rumanyika, aliyeshika kiti katika miaka ya 1850. Walileta nguo za merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba. Walitaka pembe za ndovu. Njia yao ilitoka pwani ikapita Kaze, ndiyo Tabora ya leo, kisha ikapanda kaskazini hadi Karagwe, na mwisho Buganda.

Safari hiyo haikuwa ya mchezo. Mwingereza John Hanning Speke aliondoka pwani Oktoba 1860 akafika kwa Rumanyika Novemba 1861. Mwaka na zaidi! Sisi tunaolalamika ndege ikichelewa saa tatu, na tumuombe Mola atupe subira.

Nyumba tatu za mgeni

Speke alipofika, Rumanyika alimpa hiari ya pahala pa kukaa. Akitaka, akae ndani ya ikulu. Akitaka, apige kambi nje. Au akitaka, aende kwa Waarabu katika kituo chao cha biashara, kwenye njia iendayo Buganda. Jina la kituo Speke aliliandika Kufro. Ndiyo Kafuro yetu.

Tuishike habari hii, kwa sababu kila anayekwenda kuishi ugenini hukutana na nyumba hizo tatu. Kuna nyumba ya wenyeji, ambako utakula chakula chao, utachekwa ukikosea neno, na utajifunza. Kuna kambi ya pembeni, ambako utawatazama wenyeji kwa mbali ukipiga picha za mandhari. Na kuna Kafuro: nyumba ya watu wa kwenu, mnakopika pilau, mnakosikiliza taarabu na kuzungumza lugha yenu kutwa.

Speke alichagua kambi ya nje, pahala penye mandhari ya ziwa ambalo yeye alilibandika jina la kwao, Little Windermere. Hakujifunza Kinyambo. Hata Kiswahili chake kilikuwa hafifu. Alizungumza Kihindi na msaidizi wake Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akapelekwa Gujarat na kukipata Kihindi huko, naye Bombay ndiye aliyekigeuza kuwa Kiswahili. Baadaye kule Buganda mlolongo ulirefuka zaidi: neno la Speke lilitoka kwa Bombay likaenda kwa mkalimani aitwaye Nasib, ndipo likafika mbele ya Kabaka Mutesa. Hebu fikiria salamu inayopita katika vinywa vitatu, imebaki na utamu gani?

Mwanafunzi hodari alikuwa mwenyeji

Jambo lililomshangaza Speke ni hili. Alipoingia mbele ya Rumanyika kwa mara ya kwanza, mfalme alimsalimu mwenyewe, kwa ukunjufu, kwa Kiswahili kizuri. Speke aliliandika hilo katika kitabu chake cha safari.

Rumanyika hakulelewa Unguja wala Bagamoyo. Hakukaa darasani. Lugha aliipata barazani kwake, kwa kukaa na wageni, kuwauliza na kuwasikiliza. Speke na mwenzake James Grant wote wawili wanamwonyesha kuwa mtu wa maswali mengi: nchi zenu zikoje, watu wenu wanaishije, vitu hivi vinatengenezwaje. Mtu anayeuliza hivyo kwa miaka, akawa na haja ya kweli ya kuelewa jibu, lugha humfuata yenyewe.

Naye alitamani elimu ya mbali kwa watoto wake pia. Speke alipopendekeza apewe mtoto mmoja au wawili wa mfalme awapeleke wakasome Uingereza, Rumanyika alilipokea wazo hilo vizuri. Safari hiyo haikutimia, kwani Speke alifuata Mto Nile hadi Misri na hakurudi tena Karagwe. Lakini mzazi mmoja wa Kinyambo, mwaka 1861, alishakaa akalifikiria jambo ambalo wazazi wetu wanalifikiria leo: kumwachia mtoto aende nchi ya mbali akasome.

Grant naye alikaa Karagwe muda mrefu kuliko alivyopanga. Mguu wake ulipata kidonda kibaya, akaachwa nyuma hadi Aprili 1862, Speke akiwa ametangulia Buganda tangu Januari. Miezi hiyo kibandani ilimlazimisha kuwaona watu kwa karibu, na wenyeji walimjia wakimtibu kwa dawa zao.

Mzee wa Kafuro

Je, watu wa Kafuro wenyewe? Anayejulikana zaidi ni Ahmed bin Ibrahim, Mwarabu wa Oman. Huyu anatajwa na wanahistoria kuwa mfanyabiashara wa kwanza kutoka pwani kufika Buganda, mwaka 1844, wakati wa Kabaka Suuna. Masimulizi yanasema alipoona watu wanauawa kwa amri ya Kabaka, alisimama akamwambia kuwa watu hao wameumbwa na Mwenyezi Mungu, na si halali kuwaangamiza hivyo. Mgeni, peke yake, mbali na kwao, mbele ya mfalme aliyekuwa anaogopwa. Subhanallah.

Huwezi kumwambia mtu maneno mazito kama hayo ikiwa humo nyumbani kwake hujapata hata njia ya kuzungumza naye. Ujasiri ulihitaji lugha.

Stanley alipopita Karagwe mapema mwaka 1876 alimkuta Ahmed bado yupo Kafuro, ana miaka mingi hapo, rafiki wa Rumanyika, mkarimu kwa wageni, tajiri wa ng'ombe na pembe. Stanley alitembezwa hadi kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata, katika Kyerwa ya leo, akaona wagonjwa wanakuja kujitibu kwa kuoga. Rumanyika alikuwa ameshazeeka. Alifariki miaka michache baadaye, ufalme ukaingia misukosuko, na Kafuro ikafifia.

Yale tusiyopenda kuyasema

Dada zetu, hapa hatuna budi kusema kweli, maana historia inayosimuliwa kwa sifa tupu haimfundishi mtu.

Ahmed bin Ibrahim alikuwa pia na watumwa wengi. Kafuro ilikuwa na ghala za pembe, na ilikuwa na watu waliomilikiwa, wanaume kwa wanawake. Katika nyumba kama zile, mwanamke aliyetoka vilima vya jirani alijifunza Kiswahili ili aelewe anachoamrishwa. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kujifunza. Akipelekwa pwani, alijifunza haraka zaidi, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye lugha ya mama yake. Wasafiri wale waliandika majina ya wafanyabiashara na wafalme, hawakuandika majina ya wanawake hao.

Wengi wetu hapa visiwani tukiuliza vizuri juu ya bibi wa bibi, tutafika kwa mwanamke aliyetoka bara, na jina la kwao halikumbukwi. Huyo naye aliishi ugenini, akaijua lugha ya ugenini, akailea familia kwa lugha hiyo, mpaka sisi tukaiita lugha yetu. Tunapomuona binti anakata tiketi kwa hiari yake, ana pasi yake, ana ada ya chuo na ruhusa ya wazee wake, tukumbuke kuwa hiari hiyo ni neema ambayo wa kabla yake hawakuwa nayo.

Kuna na kisa cha Speke na utepe wa kupimia. Katika ikulu ya Karagwe unene wa wanawake wa kifalme ulikuwa alama ya heshima, na walinyweshwa maziwa kwa wingi ili wanenepe. Speke alikwenda kwa shemeji wa mfalme, akampima mkono, kifua na paja kwa utepe, kisha akachapisha vipimo kitabuni dunia nzima isome. Alikaribishwa ndani kama mgeni, akamgeuza mwenyeji kuwa kioja. Leo tungesema alimpiga picha akairusha mtandaoni. Kujua maneno ya watu pasipo adabu kungekuwa hatari zaidi kuliko kutoyajua.

Kuishi ugenini katika dini yetu

Baadhi ya wazazi wanaogopa lugha ya kigeni kana kwamba ndiyo itakayomtoa mtoto kwenye dini. Lakini katika Suratu Rum, Mwenyezi Mungu ametaja kuhitilafiana kwa ndimi zetu na rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara zake. Na Mtume wetu (s.a.w.) alimwamuru kijana Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, na Zaid akayajua kwa muda wa nusu mwezi hivi. Alijifunza kwa sababu umma ulihitaji mtu wa kusoma barua.

Kisa tunachokipenda zaidi ni cha Ummu Khalid. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa Waislamu waliohamia Habasha kukimbia mateso ya Makka, na yeye alizaliwa huko. Aliporudi bado ni mtoto mdogo, Mtume (s.a.w.) aliletewa nguo nzuri yenye nakshi, akamwita Ummu Khalid, akamvisha kwa mikono yake. Kisha akamwambia kwa Kihabeshi: sanah, yaani nzuri. Neno moja tu la nchi aliyozaliwa. Hakumwambia asahau kule alikokulia. Alimkaribisha nyumbani kwa lugha ya ugenini.

Mama unayeogopa, lichukue hili. Binti akirudi na maneno mapya mdomoni, muulize maana yake.

Kutoka Kafuro hadi Havana

Sasa Kihispania chenyewe. Si kigeni kwetu kama unavyodhani. Mapema miaka ya 1960 Zanzibar ilikuwa na ofisi Havana, na kijana Salim Ahmed Salim, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanzania, alitumika katika ofisi hiyo. Vijana wengine wa visiwani walipelekwa Cuba miaka hiyo na wakarudi na Kihispania. Kisha mwaka 2007 chuo cha udaktari cha Matanzas, Cuba, kilianzisha mafunzo ya madaktari hapa hapa Zanzibar, kwa walimu wa Kikuba. Wodini kwetu kuna waliowahi kusikia Kihispania kabla ya kukiona kwenye ramani.

Na Waislamu walikaa Andalus kwa karne nyingi, tangu mwaka 711, wakaacha maneno yao ndani ya Kihispania, kama walivyoyaacha ndani ya Kiswahili. Sukari kwao ni *azúcar*. Zaituni ni *aceituna*. Limau ni *limón*. Neno letu hata, kwa maana ya mpaka, kwao ni *hasta*. Na wanapotamani jambo litokee husema *ojalá*, neno lililotokana na Kiarabu cha kutaja matakwa ya Allah. Msichana wa Unguja anayeingia duka la vyakula Granada si mgeni kabisa. Atasikia ndugu zake wa mbali wakiitana kwenye rafu.

Mnyambo aliyekuwa akijifunza Kiswahili alisaidiwa na undugu kama huo. Mtu kwao ni omuntu, watu ni abantu. Mwana ni omwana. Lakini ng'ombe ni ente, na hapo undugu unakatika, inabidi ujifunze. Na bi harusi, katika lugha za ukanda huo, ni omugole. Tumelipenda neno hili.

Unayefunga mizigo

Basi wewe omugole wetu, na wewe mwanafunzi, haya ndiyo tuliyoyaokota Karagwe.

Usibaki Kafuro. Hatusemi usiwe na watu wa kwenu, la. Utahitaji mtu wa kufuturu naye, wa kukuonyesha nyama ya halali na msikiti ulipo, wa kulia naye ukiugua. Kafuro ni ya lazima wiki za mwanzo, na Ijumaa, na Ramadhani. Lakini ukila, ukilala na kucheka Kafuro tu, utamaliza miaka yako ukitafutiwa mkalimani hospitali. Tafuta nyumba moja ya wenyeji yenye heshima, mwanamke mmoja wa makamo anayependa kuzungumza. Mwombe akufundishe kupika kitu chake, nawe mfundishe chapati. Jikoni maneno hayasahauliki, kwa sababu ukikosea utaweka chumvi pahala pa sukari.

Uliza kama Rumanyika. Usione haya kukosea. Mfalme naye alianza kwa neno moja.

Usiwe na utepe wa Speke. Usirekodi watu, usicheke miili yao, mavazi yao wala chakula chao ili wa nyumbani wacheke nawe. Ulikaribishwa ndani.

Sema wazi mapema kuhusu sala na stara yako. Jifunze kuyaeleza kwa lugha yao kabla hujajifunza kuuliza bei ya viatu. Ahmed bin Ibrahim alisimama mbele ya Kabaka kwa sababu alijua anachoamini na alipata njia ya kukisema. Binti anayeweza kueleza kwa Kihispania laini kwa nini anafunga na kwa nini hanywi pombe, mara nyingi wenyeji humtetea wenyewe mbele ya wenzao.

Na wewe unayeolewa hapa hapa, mji wa pili tu, au katika kabila jingine, usidhani makala hii haikuhusu. Kila nyumba ina lugha yake. Mama mkwe ana maneno yake ya kuonyesha radhi na maneno yake ya kuonyesha hasira, na kungwi hawezi kukufundisha yote. Bi harusi anayebaki kwenye simu na ndugu zake kutwa yupo Kafuro, ingawa anaishi ikulu. Toka, kaa barazani, sikiliza.

Na sisi tunaobaki tuwe wenyeji kama Rumanyika. Yupo mwanafunzi wa Kihispania au wa Kijerumani anayekuja Unguja kujifunza Kiswahili, na yupo dada wa Kinyambo kutoka Kayanga au Kyerwa aliyekuja kufanya kazi hotelini, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza kwao wanasalimianaje. Muulize leo.

Tunamuomba Allah awalinde mabinti zetu walio safarini, awape elimu yenye manufaa, ndimi laini na nyoyo thabiti, awarudishe kwa wazazi wao wakiwa na heri zaidi ya waliyoondoka nayo. Na awarehemu bibi zetu wale ambao majina yao hatuyajui. Aamin.